Chakula cha Jadi Kisionewe Haya Siku ya Sikukuu

Wahenga walituachia usemi kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya pindi mgeni ajapo na sufuria yake mwenyewe, akaipika, akasifiwa na kila mtu, hata mwenye nyumba akaanza kuona haya kukifunua chungu chake. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, wasomaji wangu wa pwani, kwa kuwa mgeni huyo ni sisi, na sufuria hiyo ni ya pilau.

Kianyaga ni mji mdogo wa Gichugu, katika kaunti ya Kirinyaga, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya. Upande wa juu, kuelekea msituni, ni mashamba ya chai. Upande wa chini ni kahawa. Na ukizidi kuteremka, baridi ikapungua na ardhi ikatandazika, unafika Mwea kwenye majaruba ya mpunga. Wakaaji wake wengi ni Wakristo tangu wamishenari wa Kianglikana walipojenga kituo chao Kabare, jirani na hapo, mwanzoni mwa karne ya 20. Na jambo la kutufurahisha sisi wenye lugha ni kwamba Krismasi wao huiita Thigukuu. Usiumize kichwa kutafuta asili yake. Ni sikukuu yetu hii hii, iliyopanda mlima ikavaa koti la baridi.

Ila neno halikupanda peke yake. Disemba moja nilialikwa huko na rafiki yangu mwalimu, na nikaona kwa macho yangu jinsi chakula chetu kilivyolifuata neno letu. Hapana nyumba niliyoingia isiyokuwa na sufuria ya pilau, bizari na mdalasini vikinukia hadi barabarani, na chapati zimepangwa kama sahani dukani. Kwa dakika chache nilijiona niko Kibokoni au Old Town, isipokuwa meno yalikuwa yakigongana kwa baridi.

Ugomvi wenyewe haukuwa juu ya pilau. Ulikuwa juu ya bakuli moja lililofunikwa kwa kitambaa.

Kwa msomaji asiyekijua, mukimo ni chakula cha kupondwa. Huchemshwa viazi, mahindi, na maharagwe au njegere, kisha vikapondwa pamoja na majani ya mboga hata vyote vikawa donge moja la kijani. Hayo majani ndiyo yenye hadithi. Wengi siku hizi hutia majani ya maboga, na hapo hapana mwenye neno. Lakini mama mzazi wa mwenyeji wangu, bibi aliyekwisha kupita miaka themanini, alikuwa ametia thabai.

Thabai msiifananishe na upupu wetu, ingawa jamaa ya kuwasha ni moja. Upupu ni mmea wa kutambaa, na kinachowasha ni malaika yaliyo juu ya maganda ya mbegu zake. Thabai ni kijiti cha milimani, huota kwenye unyevu, kando ya nyua na pembezoni mwa misitu, na jani lake lote lina vinywele mfano wa sindano za kioo. Ukiligusa, ncha zile hukatika ndani ya ngozi na kumwaga maji yake makali, nawe utajikuna hata usahau ulikokuwa ukienda. Watoto wa huko waliijua thabai kwa kuchapwa nayo miguuni kabla hawajaijua kwa kuila. Ajabu ya Muumba ni kwamba maji ya moto huuvunja ukali huo wote. Jani likichemshwa kidogo tu hulainika, likawa mboga kama mboga nyingine, lenye rangi nzito kuliko mchicha na lenye chuma na chokaa kwa wingi.

Basi wajukuu waliotoka Nairobi waliifunua bakuli, wakaifunika tena. Mmoja alisema kwamba inanuka kichaka. Mwingine akasema hicho ni chakula cha shida, si cha Krismasi. Mkaza mwana, kwa nia njema kabisa, akashauri bakuli lipelekwe jikoni ili wazee wanaolitaka wakajipakulie huko, na meza ya wageni ibakie na pilau, chapati na nyama. Mama mtu mzima hakusema kitu. Mwalimu akanigeukia, na kwa mzaha ule wao wa kumwita kila mtu wa pwani shehe, akaniambia, "Haya Shehe, pilau ni yenu. Tuamulie."

Hukumu yangu nitaitoa hapa gazetini, kwa kirefu, kwani mezani hapana nafasi ya kirefu.

Kwanza niliondoe lile ambalo najua baadhi yenu mmekwisha kuliuliza: Mwislamu ana nini na meza ya Krismasi? Mimi sikwenda kanisani, wala sikusherehekea ibada isiyokuwa yangu. Nilikwenda kwa rafiki aliyenialika kula. Mbuzi nilipewa kisu nikamchinja mwenyewe kwa jina la Mwenyezi Mungu, na hiyo ni heshima ambayo watu wa milimani wengi humfanyia Mwislamu bila ya kuombwa. Mutura, yule utumbo uliojazwa damu na nyama, ulipopita mbele yangu niliuacha upite, na hapana aliyenuna. Sura ya Al-Maida imetuweka wazi kuhusu chakula cha watu wa Kitabu, na mboga ya kuchemshwa haina mchinjaji. Mwenye kuona vinginevyo ninamheshimu, lakini mjadala wangu wa leo hauko hapo.

Mjadala wangu ni huu: je, mtu akikikataa chakula cha wazee wake amekosa adabu? Jibu langu ni la, ikiwa amekikataa kwa namna inayofaa. Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni tulifundishwa mapema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia ila chakula hata siku moja. Akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Tukafundishwa pia kisa cha mnyama wa jangwani, yule kenge wa mchangani waitwaye dhabb, aliyeletwa mezani naye Mtume akauzuia mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu alieleza kwamba si haramu, ila hakumzoea, kwani hakuwako katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid, aliyekuwa amekaa papo hapo, akamvuta akamla, na Mtume akimtazama. Tazameni uzuri wa mambo hayo. Mmoja ameacha, mwingine amekula, meza ni moja, na hapana aliyemcheka mwenziwe.

Tena ladha si ukaidi mtupu. Mwaka wa 1931 mkemia wa Kimarekani, Arthur Fox, aligundua kwamba kuna unga ambao baadhi ya watu wakiuonja huuona mchungu mno, na wengine hawausikii ladha yoyote. Baadaye wataalamu wakatambua kwamba jambo hilo hurithiwa kwa damu, kama rangi ya macho. Ndiyo sababu huko Uingereza, kila Krismasi, hutokea vita vya kabichi ndogo ndogo zinazoitwa za Brussels. Baba anazila kwa raha, mtoto anazisogeza pembeni ya sahani, naye pengine si mkaidi bali ulimi wake umeumbwa kuusikia uchungu zaidi. Wataalamu wa Kiholanzi waligundua chanzo cha uchungu huo katika miaka ya 1990 wakaanza kuzalisha mbegu zisizo chungu sana. Lakini Mwingereza, hata asiyezipenda, hakuziondoa mezani. Huzipika, huzitania, hupakua mbili tatu, na Krismasi isiyokuwa nazo huiona ina pengo.

Basi mjukuu wa Nairobi asilazimishwe. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja.

Jambo la pili, asije mtu akanielewa kwamba ninataka pilau ifukuzwe mlimani kwa kuwa ni ngeni. La hasha! Hoja ya ugeni haina miguu ya kusimamia. Mpunga wa pilau ile umetoka Mwea, katika kaunti iyo hiyo ya Kirinyaga, kwenye skimu iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari, na majaruba yakachimbwa kwa jasho la mahabusu. Maji yake ni ya mito ya Thiba na Nyamindi, itokayo kwenye mlima huo huo. Sisi wa pwani ndio tunaoagiza pishori ya Mwea kwa ajili ya harusi na Iddi zetu. Sasa nani mgeni wa nani? Na mukimo nao ukiuchunguza si mzawa mtupu. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na viazi vile vile; vilivuka bahari kabla ya kupanda mlima. Chakula ni kama lugha, hukopa kisha kikasahau kulipa.

Kwa hiyo silalamikii aliyeingia. Ninamlalamikia anayetolewa, na namna anavyotolewa. Katika bakuli lile la mukimo, thabai ndiyo iliyokuwa mzawa wa milima hii ya Afrika Mashariki. Hakuna aliyeileta kwa meli. Nayo ndiyo iliyoambiwa iende jikoni.

Tujiulize haya hii imetoka wapi. Kijana aliyesema kwamba ni chakula cha shida hakuzua. Mboga inayoota uani bila ya kupandwa ndiyo inayobaki shamba likikauka, na kwa hiyo hukumbukwa pamoja na njaa. Na njaa ilipita huko. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ilianza kuwakusanya watu wa milima hiyo katika vijiji vya lazima, ikawapangia saa za kwenda mashambani, ikawatoa kwa nguvu kuchimba mahandaki, na mama wengi walilala wakiwasikiliza watoto wakililia chakula. Mtu aliyeokoka katika dhiki ya namna hiyo ana haki ya kutamani kwamba sahani ya mjukuu wake iwe na wali na nyama.

Lakini haya nyingine ilipandwa makusudi. Chukueni mfano wa njahi, ile kunde nyeusi yenye mstari mweupe. Kwa Wagikuyu ilikuwa kunde ya heshima, chakula cha mzazi aliyejifungua, hata mvua za masika wakaziita mvua za njahi, na mlima wa Ol Donyo Sabuk wakauita Kianjahi. Mwanahistoria Claire Robertson, katika utafiti alioutoa mwaka wa 1997, ameeleza jinsi maofisa wa kilimo wa kikoloni walivyoyatilia mkazo maharagwe yaliyotakiwa na soko, na njahi, zao la wanawake, ikasukumwa nyuma. Haikufa, ila ilipoteza kiti chake. Ndivyo chakula kinavyouawa: hakipigwi marufuku, huondolewa mezani siku ya wageni, na watoto wakajifunza kwamba hakifai kuonwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Mtu ataniambia, "Ndugu mwandishi, kwani lazima iwe Krismasi? Si waipike siku nyingine?" Ningekubali kama siku hiyo nyingine ingekuwako. Siku za kawaida wajukuu wako Nairobi, Thika na Nakuru, na mboga yao ni sukuma wiki ya sokoni. Bibi yuko peke yake na huchemsha kitu kidogo cha kumtosha yeye. Katika mwaka mzima ziko siku mbili au tatu tu ambazo mikono ya miaka themanini na mikono ya miaka minane hukutana katika jiko moja. Thabai haina kitabu cha mapishi ndani ya nyumba ile. Kuijua ni kumwona bibi akichagua machipukizi machanga na kuyaacha yaliyokomaa; akivaa mfuko mkononi, au akishika kwa koleo; akijua ni dakika ngapi jani linatoka katika kuwasha likaingia katika kuliwa. Elimu hiyo ikikosa siku ya sikukuu imekosa mwaka. Ikikosa miaka kumi, na bibi amekwenda zake, hapana wa kuirudisha, na mmea utabaki pale uani, wenye afya tele, ukiwawasha watu tu.

Tena sikukuu ndiyo mizani ya heshima. Kinachopakuliwa siku hiyo huitwa chakula, na kinachofichwa huitwa umaskini. Mtoto haambiwi hayo kwa maneno, huyaona.

Sasa, ndugu zangu wa pwani, kabla hatujawacheka watu wa bara, tuinue vifuniko vya vyungu vyetu. Mnavu ule ambao wao huuita managu na kuupika kwa maziwa, sisi tuliupika kwa tui la nazi. Mchicha wao huuita terere. Na mchunga je? Jani lile chungu lililochemshwa, likamwagwa maji, likaungwa kwa nazi, na ambalo nyumba moja ilikuwa ikigawanyika juu yake makundi mawili, wenye kulililia na wenye kulikimbia. Ni lini mara ya mwisho mlipouona mchunga kwenye meza ya Iddi? Tuna pilau, tuna biriani, tuna sambusa na soda za rangi zote. Mchunga umebaki kwa mama wa Kimijikenda aketiye chini sokoni na mafungu yake, na wanunuzi wake wengi ni wazee walioambiwa na daktari wapunguze sukari. Binti wa leo wa Mombasa ukimwonyesha mchunga na magugu, nachelea atashindwa kuvitenganisha.

Wala msidhani kwamba huu ni ulalamishi wa mshairi anayezeeka. Wako wataalamu waliokwisha kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Mwaka wa 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitoa kitabu kikubwa cha mimea ya chakula cha asili nchini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia miaka mingi akizitafiti mboga za kienyeji ambazo wengine waliziita magugu. Ilianzishwa kazi ya kuandika na kuhifadhi vyakula vya jadi miongoni mwa Waisukha wa Kakamega na Wapokoti, na mwaka wa 2021 shirika la UNESCO likaitambua kazi hiyo ya Kenya kuwa mfano mwema kwa ulimwengu wa kuhifadhi urithi. Ulimwengu unatuandikia vyeti kwa ajili ya mboga ambazo sisi wenyewe tunazificha jikoni! Lakini cheti hakipiki. Cheti hakimfundishi mtoto kushika jani.

Hukumu yangu basi ni ya mambo matatu, na ninaitoa kwa nyumba za mlimani na za pwani kwa kipimo kimoja. La kwanza, bakuli la mboga ya jadi likae mezani, katikati, pamoja na pilau, siku ya wageni hasa. La pili, kila mtoto apakuliwe, japo kijiko kimoja. Akionja asipende, aache, na asisimangwe. La tatu, mwenye kuacha asikitukane alichokiacha, kwa kuwa mikono iliyokipika iko papo hapo na masikio inayo. Haya nimeyafunga katika ubeti mmoja, ili mwenye kuchoka na nathari yangu apate cha kwenda nacho:

Mboga ya kwetu chunguni, mgeni usimfiche,
Itoe hadi mezani, asotaka aiache,
Matusi hayafanani, ulimi auchekeche,
Chakula hakitukanwi, hata kikiwa kichungu.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi tu. Pilau yetu imetukuzwa mlimani, nasi tunajivunia, na tuna haki. Lakini mgeni mwenye adabu, akiona amepewa kiti cha mwenye nyumba, huinuka akakirudisha. Anas bin Malik amesimulia kwamba alimwona Mtume, alipoalikwa na fundi cherehani, akiyafuatilia maboga pembezoni mwa sahani iliyokuwa na nyama ndani yake. Nyama ilikuwapo, na mkono ukaifuata mboga. Mtu wa pwani akialikwa Kianyaga, au Nyeri, au Kerugoya, asiwe wa kwanza kuikimbilia sufuria anayoijua tangu utotoni. Aombe mukimo, na aombe ule wenye thabai. Neno moja la mgeni, "Mama, niongeze," lina nguvu mbele ya wajukuu kuliko hotuba ya mwaka mzima ya baba yao.

Na Iddi ijayo, mama na dada zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga, pitieni kwa yule muuza mchunga. Nunueni mafungu mawili, nazi mnazo.